KWA NINI MANOWARI ZILIKUJA KILINDINI

Katika majuma ya mwisho ya Aprili na katika mwezi wa Mei mwaka 1942, bandari ya Kilindini ilipokea wageni ambao haijapata kuwaona kwa wingi namna ile. Manowari za Mwingereza ziliingia moja moja zikipita chini ya Ras Serani, na baadhi yao zilikuwa na mizinga ambayo upana wa kinywa chake ni inchi 15. Mtu aliyesimama kando ya kivuko cha Likoni angeweza kusema kwamba dola yenye meli kama zile haina la kuogopa.

Kweli ilikuwa kinyume cha hayo. Meli zile zilikuja Kilindini kwa sababu hazikuwa na nguvu za kukaa mahali pengine. Nyuma yao zilikuwa zimeiacha Ceylon, kisiwa ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, mwendo wa maili 2,500 hivi upande wa mawio ya jua. Je, ulikuwa ni woga? Swali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, maana ndani yake mna jambo kubwa kuhusu vita vya baharini, tena ni jambo lililowagusa watu wa Afrika ya Mashariki katika roho zao.

Wasioijua bahari hudhani kwamba manowari huundwa ili zikutane na kupigana, kama majogoo wawili uwanjani. Kupigana ni sehemu ndogo ya kazi yao. Kazi yenyewe ni kuifanya njia ya bahari ipitike kwa meli za rafiki, na isipitike kwa meli za adui. Katika mwaka 1942 bahari ya Mediterania ilikuwa karibu imefungwa na Wajeremani na Wataliana. Kwa hiyo kila askari, kila kifaru na kila sanduku la risasi lililotoka Uingereza kwenda kwa majeshi ya Misri lilizungushwa kusini kupita Rasi ya Tumaini Jema, kisha likapanda kaskazini kuelekea Suez. Mafuta ya Abadan, katika Ghuba ya Uajemi, yalikuja kwa njia ya bahari. Meli za kwenda Bara Hindi zilipita hapo hapo. Njia hizi zote zilikuwa mbele ya pwani ya Afrika ya Mashariki, na kama adui angalizishika, vita vya Misri vingalikwisha pasipo risasi kupigwa jangwani.

Siku 42 zikawa siku 180

Mambo ya 1942 hayakuanza mwaka ule. Baada ya vita kuu vilivyokwisha mwaka 1918, mataifa makubwa yalichoka kushindana kwa kuunda manowari, maana gharama yake ilikausha hazina zao. Mwaka 1922 yalipatana huko Washington kwamba katika manowari kubwa, kwa kila kipimo cha 5 cha Mwingereza, Mmarekani awe na 5 vile vile na Mjapani awe na 3. Kwa hesabu ya karatasi Mjapani alikuwa mdogo. Lakini Mjapani alikuwa na bahari moja ya kutazama, na Mwingereza alikuwa na bahari karibu zote. Mwishoni mwa mwaka 1934 Japani ilitoa ilani kwamba haitaki tena kufungwa na mapatano hayo.

Ili kuulinda upande wa mashariki pasipo kuweka manowari nyingi huko daima, serikali ya Uingereza ilikata shauri mwaka 1921 kujenga bandari ya vita katika Singapore. Kazi ilisimamishwa na kuanzwa tena mara kadhaa, kwa kadiri serikali zilivyobadilika na fedha zilivyopungua, na gudi lake kubwa lilifunguliwa Februari 1938. Mpango ulikuwa hivi: gudi, maghala na matangi ya mafuta yawe tayari Singapore, lakini manowari zenyewe zikae Ulaya. Japani ikianzisha vita, zitang'oa nanga na kwenda mashariki.

Hapo kwanza wakuu wa vita walikadiria kwamba askari wa Singapore wangelazimika kujishikilia siku 42 mpaka manowari zifike. Baadaye wakasema siku 70, halafu 90, na mwaka 1939 wakaandika siku 180. Bahari haikurefuka, wala meli hazikupunguza mwendo. Kilichorefuka ni orodha ya maadui. Ujeremani ilikuwa inajizatiti upya, Italia ilikuwa imeivamia Habeshi, na kila manowari iliyohesabiwa kwa ajili ya Singapore ilikuwa imekwisha kuhesabiwa pia kwa ajili ya bahari nyingine. Mshika mbili moja humponyoka. Na Mwingereza alikuwa ameshika tatu. Nyumba ilijengwa, ikapakwa chokaa, ikafungwa milango, lakini mwenye nyumba hakuwamo.

Japani ilipoingia vitani, Desemba 1941, manowari mbili tu kubwa ndizo zilizokuwa zimefika Singapore, nazo ni Prince of Wales na Repulse. Manowari mpya ya kuchukua ndege, iitwayo Indomitable, ilitazamiwa kwenda pamoja nazo, lakini tarehe 3 Novemba ilipwelewa karibu na Jamaica ilipokuwa katika mazoezi, ikabidi itengenezwe. Tarehe 10 Desemba manowari zile mbili zilizamishwa na ndege za Kijapani mbele ya pwani ya Malaya. Mabaharia kiasi cha 840 walikufa, na mkuu wao, Admirali Tom Phillips, alikuwa miongoni mwao. Hakukuwa na ndege hata moja ya kirafiki juu yao wakati wa shambulio. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri.

Meli zenye kiu

Mwishoni mwa Machi 1942 Admirali James Somerville alifika Ceylon kushika uongozi wa manowari zilizokusanywa haraka haraka ili kuilinda Bahari ya Hindi. Mtu akisoma orodha tu ataona jeshi kubwa: manowari 5 kubwa za mizinga, manowari 3 za ndege, na nyingine nyingi za wastani na ndogo. Lakini orodha ya manowari ni kama orodha ya ng'ombe. Haisemi ni yupi mgonjwa.

Manowari 4 kati ya zile kubwa 5, yaani Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, ziliundwa wakati wa vita kuu ya kwanza. Zilifanyizwa kwa ajili ya bahari ya karibu na Uingereza, ambako meli hutoka asubuhi na kurudi bandarini baada ya siku chache. Hazikuwa na mbio. Matangi yake ya maji ya kunywa yalikuwa madogo, na mitambo yake ya kugeuza maji ya chumvi kuwa matamu haikutosheleza watu na majiko ya mvuke katika joto la Bahari ya Hindi. Warspite, ya tano, nayo ilikuwa ya zamani, ila ilikuwa imetengenezwa upya na ilikwenda vizuri zaidi. Ndege za manowari zote 3 hazikufika mia, na nyingi kati ya zile za kushambulia zilikuwa ndege za polepole zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine. Kisha meli hizi zilikuwa hazijapata kusafiri pamoja. Manahodha wengi hawakujuana. Kwa jeshi la majini hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika, maana meli 20 zinazokwenda gizani bila taa, kwa mwendo wa kasi, zikigeuka kwa pamoja kwa ishara moja, ni lazima ziwe zimefanya hivyo mara nyingi kabla ya hapo.

Upande wa pili alikuwako Admirali Nagumo pamoja na manowari 5 za ndege, na ndege karibu 300. Marubani wake walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka, tena walikuwa wameipiga Pearl Harbor miezi minne tu iliyotangulia.

Somerville alijua ya kuwa akikutana na Nagumo mchana ataangamia. Alichokuwa nacho cha pekee ni vyombo vya radio vya kumwonea adui gizani, ambavyo baadhi ya ndege zake zilikuwa navyo. Basi alifanya shauri la kukaa mbali wakati wa mchana na kusogea usiku, apate kushambulia katika giza. Habari za siri zilimwambia kwamba adui atafika kama tarehe 1 Aprili. Akamngojea kusini ya Ceylon tangu tarehe 31 Machi hata tarehe 2 Aprili. Adui hakuonekana.

Hapo ndipo kiu ilipoamua vita. Manowari zile nne za zamani zilikuwa zinaishiwa na maji na mafuta, zisingeweza kungoja zaidi. Somerville akazipeleka Addu, visiwa vidogo vya Maldives maili 600 hivi kutoka Colombo, ambako Mwingereza alikuwa na kituo cha siri. Kwa kuwa alidhani kwamba adui haji tena, aliziruhusu Cornwall na Dorsetshire ziende Colombo, moja kusindikiza meli za askari na nyingine kumalizia matengenezo. Hermes, manowari ndogo ya ndege, ilipelekwa Trincomalee.

Tarehe 4 Aprili, saa chache tu baada ya kutia nanga Addu, habari ilifika. Rubani mmoja wa Kanada, Leonard Birchall, aliyekuwa akifanya doria kusini-mashariki ya Ceylon, alikuwa amewaona Wajapani. Alipata nafasi ya kupeleka simu ya upepo kabla ndege yake haijaangushwa. Yeye mwenyewe alikamatwa akakaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Kwa ajili ya simu hiyo moja meli nyingi ziliondolewa katika bandari ya Colombo usiku ule. Lakini Somerville alikuwa mbali, matangi yake yakijazwa, na manowari nne za zamani hazikuweza kuondoka hata asubuhi ya pili.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, Colombo ilipigwa. Mchana wa siku hiyo ndege za Kijapani ziliziona Cornwall na Dorsetshire katika bahari tupu, na kwa muda wa kama dakika 20 zote mbili zilikuwa chini ya maji. Watu 424 walikufa. Wengine 1,122 walielea majini zaidi ya siku nzima, kisha wakaokolewa. Tarehe 9 Aprili Trincomalee ikapigwa, na Hermes ikazamishwa pasipo kuwa na ndege hata moja juu yake, kwa kuwa ndege zake zilikuwa zimebaki pwani. Katika siku hizo hizo kundi jingine la Wajapani, chini ya Admirali Ozawa, liliingia Ghuba ya Bengal likazamisha meli za biashara zaidi ya 20.

Kuondoka si kushindwa

Sasa swali la woga linaweza kujibiwa. Somerville angaliweza kukaa Ceylon kwa ajili ya heshima, na huenda angalifuata njia ya Phillips. Yeye aliona kwamba kama manowari zake zote zikizama, hakuna nyingine zitakazokuja. Mjapani angeweza kupitisha majeshi yake popote apendapo mpaka Uarabuni na Afrika. Lakini manowari zikiwa nzima, hata zikiwa mbali zimetia nanga, adui ni lazima azihesabu kila anapopanga safari. Hawezi kutuma meli za askari bila kuzilinda, naye akizilinda sana, atapungukiwa mahali pengine. Jeshi la majini lililo hai lamfunga adui kamba hata kabla ya kupiga mzinga. Basi manowari za zamani ziliamriwa kwenda Kilindini kuzilinda meli za njia ya Afrika, na zile zenye mbio zikaenda Bombay kwanza. Halikuwa jambo la fahari, lakini lilikuwa la busara.

Busara hiyo ilikuwa na bei. Ghuba ya Bengal iliachwa bila ulinzi, bandari za mashariki ya Bara Hindi zikakaa majuma kadhaa karibu bila kazi, na watu wengi wa Madras wakauhama mji kwa hofu. Wale hawakuulizwa.

Kilindini nayo haikuwa imeandaliwa kuwa makao ya jeshi kubwa la majini. Ilikuwa na maji ya kina na mlango mwembamba ulio rahisi kulindwa, lakini haikuwa na gudi la kuweza kupokea manowari kubwa. Iliyoharibika ilibidi ipelekwe Durban. Kati ya mambo mengi yaliyohamishiwa huko, limo moja ambalo watu wa Mombasa hawakuambiwa wakati ule. Skuli ya Allidina Visram, inayotazamana na bahari, ilichukuliwa na wanajeshi, na ndani yake wakakaa watu waliosikiliza simu za upepo za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Katika mwaka 1942 watu hao waliifumbua siri iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Kwa vita vya baharini habari ya namna hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko manowari.

Tena palikuwa na hatari ya Bukini, yaani Madagascar. Kisiwa hicho kilikuwa mikononi mwa serikali ya Kifaransa ya Vichy, na kama Wajapani wangaliruhusiwa kutumia bandari ya Diego Suarez, wangalikaa juu ya njia ya Suez kama mwizi mlangoni. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka huko, na kwa siku tatu bandari ikawa yao. Baadaye, brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa K.A.R., ilipigana katika kisiwa hicho hata Wafaransa walipoacha vita mwezi wa Novemba.

Wajapani walikuja, ila kwa kuchelewa na kwa njia ya chini ya maji. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo yenye watu wawili iliingia Diego Suarez ikaipiga Ramillies kwa topedo, ikazamisha na meli ya mafuta. Ramillies haikurudi vitani karibu mwaka mzima. Kisha nyambizi kubwa zilizoileta zikaingia Mlango wa Msumbiji na kuzamisha meli kiasi cha 20 katika mwezi wa Juni na Julai. Kwa manowari kubwa za Kilindini hapakuwa na la kufanya. Mzinga wa inchi 15 haumwoni adui aliye chini ya maji. Kinachomtafuta nyambizi ni chombo kidogo chepesi chenye vyombo vya kusikilizia na mabomu ya kuzamia, na vyombo hivyo vilikuwa vichache mno. Mataifa makubwa hupenda kuhesabu meli zilizo kubwa, kwa kuwa ndizo zinazopendeza katika picha.

Manowari za Nagumo hazikurudi tena Bahari ya Hindi. Mwezi wa Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway, Wamarekani walizamisha manowari 4 za ndege za Japani, na 3 kati yake zilikuwa zimeshiriki katika mashambulio ya Ceylon. Hatari kubwa ikapungua. Nayo ilipopungua, jambo la zamani likarudi: meli zikaanza kuondolewa Kilindini, moja baada ya nyingine, kupelekwa Mediterania na Atlantiki. Katika mwaka 1943 hata vyombo vidogo vya kusindikiza vilichukuliwa, na katika mwaka huo huo makao ya admirali yakarudishwa Ceylon. Nyambizi za Kijapani bado zilikuwa zikivinjari.

Msafara wa Februari 1944

Tarehe 5 Februari 1944 meli 5 za askari zilitoka Kilindini kwenda Colombo. Moja yao ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu 1,511. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, wa kikosi kiitwacho 301, waliokuwa wakienda kujiunga na divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ilipigana Burma. Walikuwamo pia mabaharia na wauguzi wa kike. Walipofika karibu na Maldives, walinzi wa meli hizo tano walikuwa watatu tu: Hawkins, manowari ya wastani iliyoteremshwa majini mwaka 1917, na vyombo viwili vyepesi, Petard na Paladin.

Mchana wa tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topedo mbili. Meli ilizama katika muda usiofika dakika mbili au unaokaribia hapo. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea waliosalia, na Petard ikalazimika kutupa mabomu yake kati ya watu hao, kwa kuwa meli nyingine nne za askari zilikuwa bado karibu. Vita na nyambizi hiyo vilichukua saa mbili na zaidi. Paladin ilijaribu kuigonga ikatobolewa ubavu; mwisho Petard ikaizamisha kwa topedo.

Watu 1,297 walikufa, na 214 wakaokolewa, kati yao wanawake 6. Meli nne nyingine zilifika. Majina ya askari wa mizinga waliozama siku ile yamechongwa pamoja na ya wenzao wengine katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, nao hawana kaburi jingine.